Swali la "na wewe je?"

Medali ilikaa mezani siku tatu. Siku ya nne niliikuta imefunikwa na daftari la hesabu, daftari la kaka mtu, limelazwa juu yake kwa uangalifu. Hakuitupa wala hakuificha. Aliifunika tu, asiione anapokula.

Ninao wawili: kifungua mimba wa kiume, miaka 12, na mdogo wake wa kike, miaka 10. Wote walikuwa wanakimbia, ila aliyeanza ni kaka. Yeye ndiye aliyempeleka mdogo wake mazoezini, akamwonyesha namna ya kufunga kamba za viatu zisifunguke katikati ya mbio, akamkanya asigeuke nyuma kutazama nani anamfuata. Baada ya miaka miwili mwanafunzi akampita mwalimu. Binti akachaguliwa timu, akarudi na medali, na simu zikaanza kuita.

Kila aliyekuja nyumbani alimshika binti mkono, akampongeza, kisha kwa nia njema kabisa akamgeukia kaka yake: "Na wewe je?"

Mtoto atajibu nini hapo? Wangu alikuwa akitabasamu, akisema "nipo tu," kisha anatoka nje.

Mimi nilianza kwa kukosea. Jioni ileile ya medali nilimnunulia mpira. Akaupokea, akaugeuzageuza, akaniuliza, "Wa nini huu, mama?" Nikamwambia basi tu, nimeuona nikaupenda. Akasema, "Kwa sababu sikushinda?" Nilikosa la kujibu. Nilidhani nampoza, kumbe nimemthibitishia kwamba hata mimi nilikuwa nimeshamhesabu kuwa ameshindwa. Kesho yake nikaja na wimbo ule wa kila mzazi, kwamba kila mtu na kipaji chake, wewe mbona hesabu unaziweza. Hesabu hazikuwa zinamuuma. Kilichokuwa kinamuuma ni mbio.

Nikajaribu na mfano wa watu wakubwa. Nikamsimulia kwamba mwaka 1999 mcheza tenisi Serena Williams alitwaa taji la US Open akiwa na miaka 17, huku dada yake mkubwa, Venus, ambaye alikuwa bado hajapata taji kubwa la peke yake, akitazama kutoka jukwaani. Mwaka uliofuata Venus naye akatwaa Wimbledon, na njiani akamtoa Serena kwenye nusu fainali. Niliusimulia mfano huo vizuri, najisifu. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Kwa hiyo mimi nikishinda mwakani ndipo mambo yatakuwa sawa?"

Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Abraham Tesser, aliyeandika katika miaka ya 1980 jambo lililonifumbua macho. Sifa za mtu wako wa karibu hukuinua iwapo amezipata kwenye jambo ambalo wewe hujipimi nalo. Zikiwa kwenye jambo lilelile unalojipimia, ukaribu huohuo ndio unaochoma. Binti yangu angeshinda kuchora, nina hakika kaka yake ndiye angekuwa mpiga debe wake wa kwanza. Tangu hapo niliacha kumwambia "acha wivu." Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa amepitwa na mtu wa karibu kuliko wote, kwenye kitu alichokipenda kuliko vyote, mbele ya watu.

Kilichosaidia kilikuwa kidogo mno hata naona haya kukiita ushauri. Usiku mmoja nilikaa pembeni ya kitanda chake, taa imezimwa, nikamwambia, "Inauma, eh?" Kimya. Kimya kirefu, nikadhani amelala. Kisha: "Mama, mimi ndiye niliyemfundisha." Yalinijia mambo kumi ya kusema. Kwamba ajivunie. Kwamba mwalimu mzuri huonekana kwa wanafunzi wake. Nikajiuma ulimi. Nikasema, "Ndiyo. Ni wewe." Akalia kidogo, nikamwacha alie. Sikumharakisha afike kwenye kufurahi kwa ajili ya mdogo wake. Pongezi nazo zina muda wake, na ukimlazimisha mtoto kuzitoa kabla hazijaiva, atakachojifunza ni kuigiza.

Kuhusu wageni, nilidhani dawa ni kuwatangazia kwamba "huyu ndiye aliyemwanzisha." Kwa bahati nilimuuliza kwanza. Akakataa katakata: "Hapo tena mtakuwa mnamsema yeye." Kweli kabisa. Basi angependa aulizwe nini? Akafikiri, akasema baiskeli. Wiki hizo alikuwa ameifungua baiskeli nzima vipande vipande, nati na bolti zake zimepangwa juu ya gazeti. Mgeni aliyefuata nikamuwahi mlangoni nikamnong'oneza: muulize kuhusu baiskeli. Alielezewa mnyororo nusu saa nzima. Pole yake.

Nami nikawa nakaa naye hapo chini, namshikia tochi, mikono imejaa grisi. Mbio hatukuzitaja. Kama una nafasi ya kufanya jambo moja tu, fanya hilo: mpe muda usio wa kumliwaza.

Sasa, kitu ambacho sikukitarajia kilitoka upande wa pili. Mwezi mmoja baadaye binti alimaliza wa sita katika mbio ambazo angezishinda akiwa na usingizi. Usiku akaniambia amepunguza mwendo makusudi, "ili kaka asinune." Niliumia. Katika kumtazama mmoja nilikuwa nimeanza kushusha sauti kila ninapomsifu mwenziwe, na yeye akasikia kwamba ushindi wake ni kosa dhidi ya nduguye. Kaka alipojua alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona: "Nani amekwambia nataka kuhurumiwa? Ukimbie!" Hasira ile ilifanya kazi ambayo maneno yangu yote hayakuifanya. Toka siku hiyo nilimsifu binti kwa sauti yangu ya kawaida, mbele ya wote.

Kaka mwenyewe alitaka kuacha mbio siku ileile ya medali. Ni jambo la kawaida. Watafiti wa familia wameliandika tangu miaka ya 1970, kwamba ndugu hujitofautisha, kila mmoja ajitafutie pake pasipo na kulinganishwa. Sioni ubaya wake. Ninachokataa ni mtoto kuamua jeraha likiwa bichi, maana hapo anakimbia aibu tu. Tulikubaliana amalize msimu ndipo aamue. Akamaliza, akaacha. Nadhani mimi ndiye niliyesikitika zaidi. Yeye siku hizi anatengeneza baiskeli za wenziwe, na mazoezini huenda akitaka, kumshikia mdogo wake saa.

Juzi niliwasikia wanabishana nje. Dada anashikilia kwamba saa imekosea, amekimbia haraka kuliko inavyoonyesha, na kaka hata kidogo hataki kumwongezea: "Saa haina undugu. Rudi mstarini."