Jibu: Sensa ya unyevu ya volti 5 kwenye ESP32 ya volti 3.3

Habari za huko Iringa, ndugu. Umeeleza kwamba sensa yako ya unyevu, DHT22, unailisha volti 5 huku ESP32 (kibao kidogo cha kompyuta kinachoisoma) ikitumia 3.3, na vipimo huja mara moja kisha hupotea.

Kabla ya kununua chochote, pima kwa multimita kati ya pini ya data na pini ya ardhi (GND), sensa ikiwa imetulia. Ukiona karibu volti 5, zima umeme mara moja, kwa sababu pini za ESP32 hazikuundwa kustahimili volti hizo. Chanzo huwa ni kile kirisista kidogo kwenye kibao cha sensa, ambacho huivuta data hadi kwenye umeme uleule unaoilisha sensa.

Kwenye ghala langu la viazi hapa Uyole nilihamishia tu waya mwekundu wa kulisha sensa kwenye volti 3.3, kwa kuwa DHT22 hufanya kazi kuanzia volti hizo, nikaacha programu isome kila baada ya sekunde 2 au zaidi. Waya wangu ni wa mita moja na nusu. Wako ukiwa mrefu sana, baki na volti 5 lakini weka kibadilisha volti cha pande mbili (level shifter) kwenye waya wa data. Risista mbili za kugawa volti zilinipotezea Jumapili nzima, maana laini hiyo hutuma na kupokea.