Mikataba ya Ikulu na ule wa jikoni

Mwanangu, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, na ya pili nilikuwa na pasi mkononi, nusura niunguze kanzu ya watu. Unasema viongozi wanatembeleana, mikataba inatiwa saini, sisi na Oman ni ndugu wa damu, basi si ndiyo wakati wako wa kuja? Na dalali keshakwambia viza ipo, kazi ya ndani, riali 100 kwa mwezi, kwa familia ya "watu wetu, wanasema Kiswahili". Hilo la mwisho ndilo lililonikalisha chini nikuandikie.

Undugu upo, sitaki nikufiche. Hapa Maskati nimeshapatana bei ya samaki soko la Muttrah kwa Kiswahili cha Unguja, na bwana mwenye kofia ya viua kama za kwetu, wao wanaiita kumma. Mishikaki ni mishikaki. Kuna wazee waliozaliwa Mji Mkongwe na Wete, walioondoka baada ya Januari 1964, wengi wao wakaishia huku Sultan Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970 na kuwaita wenye asili ya Oman warudi wajenge. Wajukuu wanajibu Kiarabu, bibi anagomba kwa Kiswahili.

Na nyuma ya hapo unajua mwenyewe: Seyyid Said, mtawala wa Oman, alihamishia makao yake Unguja, vyombo vikija na kaskazi na kurudi na kusi. Mwaka 1840 merikebu yake, Sultana, ilifika mpaka New York. Alipokufa 1856 wanawe wakagombania urithi, na mwaka 1861 Waingereza wakaamua Unguja na Oman ziwe dola mbili. Kwa hiyo huo uhusiano unaosikia "unaimarishwa" ni wa watu waliokaa nyumba moja wakagawana vyombo. Katika nyumba hiyo walikuwamo mabwana, na walikuwamo watumwa wa mashamba ya mikarafuu. Kwenye hotuba husikii habari zao, unasikia kaskazi na karafuu tu.

Juni 2022 Rais Samia alipokuja kuonana na Sultan Haitham, mimi nilikuwa bado kazi ya ndani. Mwenye nyumba akaniita sebuleni: "Njoo umtazame Rais wenu!" Nikasimama na kitambaa cha kufutia vyombo, nikatazama zulia, bendera mbili, watu wakibadilishana makabrasha. Wallahi nilifurahi. Kisha nikarudi jikoni kwenye masufuria. Mshahara wangu wa Mei ulikuwa haujalipwa, wala wa Aprili.

Sisemi mikataba ile ni ya uongo. Mwenye kontena, mwenye hoteli, kijana anayepata nafasi ya masomo, hao mlango wao unafunguka kweli. Mwaka 2017 meli ya Sultan, Fulk al-Salamah, ilitia nanga kwetu, na watu wa Forodhani walikwenda kuitazama. Hata ukarabati wa Beit al-Ajaib ulikuwa na fedha za Oman, ndiyo lile jengo ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 mafundi wakiwa kazini. Lakini hayo ni mambo ya serikali na serikali. Wewe utakuwa nyumba ya mtu, mlango umefungwa, na karatasi yako ni ile uliyotia saini wewe.

Sheria mpya ya kazi ya Oman ilitoka 2023. Ina saa nane za kazi kwa siku, ina likizo ya uzazi ya siku 98. Nzuri. Ila wafanyakazi wa nyumbani wamewekwa kando, wana kanuni zao mbali. Usidhani nazua kwa sababu yalinikuta mimi: mwaka 2017, Human Rights Watch, shirika la haki za binadamu, walitoa ripoti nzima kuhusu wanawake wa Tanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Emirati. Pasi za kusafiria kuchukuliwa, kazi alfajiri mpaka usiku wa manane, mshahara kukatwa au kutolipwa.

Sasa nikueleze hicho Kiswahili ambacho dalali anakiuza. Kwangu ndicho kilichoniponza. Mwenye nyumba hakunipiga hata siku moja. Aliniambia, "Wewe kama mwanangu." Nikalia kwa raha, siku ya kwanza ile. Lakini mtoto hadai mshahara kwa mamake, unaona? Nikiomba Ijumaa yangu: "Uende wapi, hapa si kwenu?" Nikikumbusha pesa: "Umenikasirikia, mwanangu?" Nyumba ya jirani kulikuwa na dada wa Kifilipino, hakuna aliyemwita mwana wala ndugu, wanaelewana kwa Kiingereza cha kuokota. Mwisho wa mwezi analipwa. Ijumaa anatoka na mkoba wake.

Nami siwezi kukitukana Kiswahili, maana ndicho kilichoniokoa pia. Mtaani kwetu kulikuwa na bibi mmoja, mzaliwa wa Wete, nilikuwa nampelekea mandazi. Miezi bila mshahara ilipofika mitano nikamwambia. Hakusema kitu. Kesho yake akaja kumtembelea mwenye nyumba, akala halua, akanywa kahawa vikombe vitatu, wakaulizana habari za watoto wote mmoja mmoja. Alipokuwa anavaa viatu mlangoni ndipo akasema, "Na mtoto wa watu mlipeni, ametoka kwetu." Nikalipwa miezi mitatu kwa mpigo. Miwili imepotelea hapo mpaka leo. Mkataba ulipokwisha nikatafuta kazi dukani, hapa Seeb, pembeni ya Maskati, kushona na kupiga pasi kanzu. Hapa mkataba wangu una tarehe ya malipo.

Kwa hiyo sikwambii usije. Riali moja ni zaidi ya dola mbili na nusu za Marekani, na nyumba ya mama yako naijua hali yake. Nakwambia usije kwa undugu. Mwambie dalali akupe mkataba sasa, huko huko, wenye mshahara, siku ya mapumziko na jina la mwajiri, na uhakikiwe na ubalozi wetu hapa Maskati kabla hujapanda ndege. Akikwambia utasaini ukifika, achana naye. Upige picha kurasa zote, hata zile za Kiarabu, nitazisoma mimi. Kivuli cha pasi yako mwachie mama. Nitumie na namba ya hiyo familia, nitaipigia mwenyewe Ijumaa, nijifanye naulizia kofia.

Kama wanataka uanze Juni au Julai, omba msogeze mbele. Joto la hapa miezi hiyo si la mtu anayeanza.

Na mwambie mama yako zile karafuu zimefika. Yule aliyemkabidhi alizifunga ovyo, nguo zake zote zimenukia, amenilaumu mpaka basi.