Run si kukimbia tu

SWALI: Maalim asalaam aleikum. Mie nnafanya kazi hoteli Nungwi, mgeni kanambia mfereji wa chumbani "is running", mwengine kauliza nani "runs this hotel". Si kukimbia hiyo?

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Kukimbia ni mojawapo tu, wahariri wa kamusi ya Oxford walihesabu maana 645 za kitenzi hicho kwa hivyo usivunjike moyo hata kidogo. Mfereji unatoka maji, hoteli inaendeshwa, boti ya Pemba ikirun kila siku basi inafanya safari, pua ikirun ni makamasi. Tazama nani anafanya na neno gani linafuata, ndo maana ilipo. Na mgeni akisema "we've run out of towels" hajakimbia popote, taulo zimekwisha, mpelekee nyengine upesi.