Kuchezea nywele kila saa kuna madhara?

Kuzigusa tu hakuna shida, dada. Kinacholeta shida ni namna unavyozichezea. Umesema ukiwa unasoma unasokota kishungi kilekile cha kando. Hapo ndipo penye kazi. Unywele kwa nje una magamba madogo mno yaliyolaliana. Ukiusokota na kuuvuta kila siku magamba yanainuka, unakauka, ncha inapasuka na mwisho unakatika. Simama mbele ya kioo ulinganishe kishungi hicho na cha upande wa pili. Kikiwa kifupi zaidi au kimejaa vifundo vidogo, jibu umeshalipata.

Ukivuta hadi ngozi ya kichwa inauma ni habari nyingine. Shina likivutwa kwa muda mrefu linaweza kuacha kuotesha kabisa. Mafuta ya vidole? Nywele zitachafuka mapema kidogo, basi.

Nyuzi chache zikidondoka usishtuke, kupoteza 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Ila ukijikuta unazing'oa na huwezi kujizuia, hasa ukiwa na wasiwasi, hiyo inaitwa trikotilomania na mtaalamu wa saikolojia anaweza kukusaidia. Kugombezwa hakusaidii kitu, wala kujigombeza. Na anayezimeza aende hospitali, maana tumbo haliyeyushi nywele, zinajikusanya donge.

Kwa sasa zifunge ukikaa kusoma, na mkono upe kitu kingine cha kuchezea, hata kalamu.