Kampuni ya mkopo imevujisha data yangu, nitalipwa?

Fidia ipo dada, lakini usianzie huko. Ile SMS waliyokutumia kwamba namba yako ya kitambulisho na ya simu zimevuja usiifute. Piga picha ya skrini, tarehe ionekane. Badilisha nywila, hasa kama ndiyo hiyo hiyo ya barua pepe (wengi wetu tuna moja ya kila kitu). Kama uko Safaricom, piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Na mtu akikupigia "kukusaidia", akikutajia kitambulisho chote bila kukosea, mkatie.

Sasa pesa. Hapa Kenya, kifungu cha 65 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinaruhusu fidia hata kama hujapoteza shilingi. Msongo wa mawazo nao unahesabiwa. Iandikie kampuni kwanza. Waulize walimwarifu lini Kamishna wa Data (afisa wa serikali anayesimamia ulinzi wa data), maana wana saa 72 tu tangu wajue. Wakikupiga chenga, mpelekee Kamishna malalamiko. Anatakiwa kuyamaliza ndani ya siku 90. Ila "data yangu imevuja" peke yake ni hoja nyepesi. Andika kila simu ya kitapeli unayopigiwa: saa, namba, walichotaka.