Fremu kwanza, hizo mota zitangoja

Ukitaka kujijengea CNC nyumbani, ile mashine ya kukata inaongozwa na kompyuta, najua utaanzia wapi, utanunua mota juu ndio zinafurahisha. Mimi pia nilikua na mota tatu za NEMA 23 (hiyo ni saizi) na Arduino Uno, ile bodi ndogo ya kontrola, yenye nimeweka GRBL, programu ya kuendesha CNC, zinazunguka vizuri juu ya meza na mashine yenyewe haiko.

Fremu ya kwanza nilitengeneza na MDF, ile mbao ya unga wa mbao ulioshindiliwa. Na hii unyevu ya Kisumu mvua ilikuja ikafura, na hata kabla ifure ulikua ukisukuma spindo, ile mota inazungusha kikatio, na kidole unaiona ikicheza, sasa hiyo itakata aluminiamu aje? Nikatafuta skwea tubu ya 50 kwa 50, unene milimita 3, nikapelekea fundi wa kuweldi huko Kibuye, akamaliza jointi moja kabisa ndio akaenda ingine. Jioni kupima, imepinda. Simlaumu sana, alizoea mageti. Chuma ikipoa inajivuta kwa ule upande imechomwa, kwa hivyo mwambie abane na klampu, aguse vinukta tu kona zote nne, mpime kona hadi kona, zile pima mbili zikilingana ndio achome, kidogo hapa afu anaruka upande ule mwingine. Na chini ya reli zenye mashine inatelezea usiamini tubu iko flati, mahali imeshuka weka kipande cha kopo la soda, ile bati ni kama milimita 0.1.

Hesabu ya kuambia GRBL hatua ngapi ni milimita moja ni rahisi. Mota hatua 200 kwa mzunguko, draiva yenye inaendesha mota ukiweka maikrostepu 8, yaani kila hatua inagawanywa mara 8, inakua 1600, skrubu ya 1605 (unene milimita 16) inasonga milimita 5 kwa mzunguko, gawanya upate 320, hiyo ndio unaandika kwa seting za GRBL zinaitwa $100, $101 na $102, za X, Y na Z. Iambie isonge 100 upime na venia. Lakini kama inakosea tu ikigeuza mwelekeo usianze kuchezea hizo namba jameni, nati ya skrubu ndio imelegea, mimi nilipoteza wiki mbili hapo.

Ingine ni stima. Spindo yangu ilikua na swichi ya kawaida ya ukuta, stima ikapotea nikatoa kazi kwa meza na mkono, ikarudi spindo ikaanza kuzunguka nikiwa hapo hapo. Weka kontakta, ile swichi ya sumaku yenye stima ikipotea inajizima, lazima ubonyeze upya ndio iwake.