Lagavulin ya miaka 16: moshi huo si kasoro

Ndugu yangu, umeuliza kama wiski ya Lagavulin ya miaka 16 uliyozawadiwa imeharibika, kwa kuwa inanuka moshi na dawa ya kusafishia vidonda. Haijaharibika hata kidogo. Inatoka Islay, kisiwa cha magharibi mwa Uskoti, na kimea cha shayiri yake hukaushwa kwa moshi wa mboji iliyochimbwa kwenye vinamasi, moshi ambao hung'ang'ania punje hadi ukaingia kwenye kinywaji chenyewe.

Usiihukumu kwa rangi, maana kanuni za wiski ya Uskoti za mwaka 2009 zinaruhusu kutia karameli ya kukoleza rangi. Mimina kidogo katika glasi yenye tumbo pana na mdomo mwembamba, iache kama dakika kumi, kisha inuse taratibu huku midomo ikiwa wazi kidogo. Ukizamisha pua kwa pupa, kileo cha asilimia 43 kitakuchoma na hutasikia harufu nyingine yoyote. Funda la kwanza lizungushe ulimini, halafu ongeza matone mawili matatu ya maji. Kwangu mimi, hapo ndipo inapofunguka: moshi unarudi nyuma, utamu kama wa zabibu kavu unajitokeza, na nyuma yake unafuata uchumvichumvi mwembamba, kama wa midomo ya mtu aliyetembea ufukweni. Barafu nakuomba uiache kabisa, kwa sababu baridi hufifisha harufu. Kisha hesabu muda ambao ladha inabaki kooni baada ya kumeza. Ya hii hukaa sana, na ndiyo sababu naiheshimu.